Mdogo wangu ameletewa mkongwe: asaini au asisaini?

Kaka, nalirudia swali lako kwa ufupi ili na wasomaji wengine wafuate. Mdogo wako ana miaka 23, anapigana uzito wa kati, ameshinda mapambano yote 11 aliyocheza, tisa kwa KO (mpinzani kuangushwa asiweze kuendelea), na hajawahi kuvuka raundi ya tano. Promota amemletea pambano la raundi 10 dhidi ya bondia wa miaka 39 mwenye vipigo 10, yaani mapambano 10 aliyopoteza, kwenye rekodi yake. Zimebaki wiki tano. Gym nzima inasema mzee kaisha, hiyo ni hela ya bure; kocha peke yake ndiye anayesita. Wewe ndiye unayemsimamia, na unauliza asaini au asisaini.

Jibu langu: pambano ni zuri, tarehe ni mbaya. Aombe miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo acheze kwanza pambano moja la raundi nane. Wakikataa kusogeza tarehe, aliache lipite. Kocha wenu anaona kitu ambacho gym haikioni, na nitajaribu kukieleza.

Tuanze na vile vipigo 10, maana ndivyo vinavyodanganya watu. Rekodi inakuambia bondia amepoteza mara ngapi. Haikuambii alipotezea wapi, kwa nani, wala kwa namna gani. Bondia wetu anayeishi kwa kusafiri huitwa dakika za mwisho, akapanda ndege na mtu mmoja wa kona, yaani msaidizi wa kumhudumia kati ya raundi, akapigana na kijana wa nyumbani mbele ya mashabiki wa nyumbani. Akimaliza raundi zote kwa miguu yake na kupoteza kwa pointi, mimi siiti hiyo dalili ya kuisha. Na mara nyingine mpango wa wenyeji hugeuka: Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa anacheza kwao. Hakuna aliyemwita ili ashinde. Raundi ya pili mwamuzi alilazimika kusimamisha pambano, Eggington akiwa hoi.

Kwa hiyo kaeni na kocha mpitie vipigo vya huyo mzee kimoja baada ya kingine. Amesimamishwa, yaani kushindwa kumaliza raundi zote, mara ngapi, na lini? Kama tisa ni vya pointi na KO ni moja tu ya miaka mingi iliyopita, mnakwenda kukutana na mtu anayejua kubaki ulingoni, na mdogo wako hajawahi kukaa na mtu wa aina hiyo. Kama amesimamishwa mara mbili tatu katika miaka miwili ya karibuni, hayo ni mambo mengine kabisa, na nitayarudia chini kwa sababu hapo panahusu uhai wa mtu.

Pambano ninalowaambia vijana walitafute walitazame lote, raundi zote 12, ni la Bernard Hopkins na Kelly Pavlik, Atlantic City, Oktoba 18, 2008. Pavlik, kijana wa Youngstown, Ohio, alikuwa na miaka 26. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati, ameshinda 34 bila kupoteza, 30 kati ya hizo kwa KO. Hopkins wa Philadelphia alikuwa na miaka 43, na miezi sita nyuma alikuwa ametoka kupoteza kwa Joe Calzaghe. Watu wakapiga hesabu nyepesi: Jermain Taylor alimshinda Hopkins mara mbili mwaka 2005, Pavlik akamshinda Taylor mara mbili, 2007 na 2008, basi Pavlik atammaliza Hopkins. Hata waliokuwa wakiweka dau waliegemea kwa kijana. Walichokiruka ni kwamba Hopkins alikuwa amepoteza mara tano tu katika miaka 20, na zote tano kwa pointi. Mpaka usiku ule hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Nguvu ya Pavlik ilikuwa kwenye mstari mmoja. Ngumi ya kushoto iliyonyooka inafungua njia, ya kulia inafuata nyuma yake, na ikifika mtu anakaa chini. Ili mstari huo ufanye kazi, mpinzani awe mbele yake na miguu yake mwenyewe iwe imetulia. Hopkins alimnyima vyote viwili. Alipiga ngumi moja au mbili, akahama pembeni. Pavlik alipogeuka ili ajipange, akakuta ameshapigwa tena. Akimkaribia, Hopkins alimkumbatia, akamwegemezea uzito, akamwachia pale tu alipotaka yeye. Raundi zilivyosonga Pavlik akawa anarusha ngumi chache zaidi, na waliokuwa wakitazama walidhani amechoka au anaumwa. Tatizo lilikuwa kwamba kila alipotaka kurusha hakuwa amesimama sawasawa. Majaji wote watatu walimpa Hopkins: 119-106, 118-108 na 117-109. Ukizisoma kadi hizo unaona kwamba mzee alichukua karibu kila raundi, na wala hakuhitaji ngumi moja ya bahati.

Jambo lingine kuhusu usiku ule ambalo wasimamizi wa mabondia hulipuuza: pambano lilichezwa kwa uzito wa pauni 170. Pavlik alizoea 160, ndiko mikanda yake ilikokuwa, na mikanda hiyo haikuwekwa mezani. Kambi ya kijana ilikubali kumfuata mzee kwenye uzito uliomfaa mzee. Sisemi uzito ndio uliompiga Pavlik, kwa sababu alichofanyiwa kingeuma hata kwenye 160. Nasema mkongwe mzuri huanza kushinda kwenye karatasi ya mkataba, na wewe ndiye unayesoma karatasi kwa niaba ya mdogo wako. Mkiambiwa "tuongeze pauni nne tu", ulizeni zinamsaidia nani.

Sasa umri wenyewe unachukua nini? Kwa ninavyoona, miguu huondoka kwanza. Mkongwe bado anajua aende wapi, ila hafiki kwa wakati, au akifika hawezi kurudia safari hiyo mara 30 kwa raundi. Kisha huchelewa mwitikio: jicho linaiona ngumi, kichwa kinachelewa kuhama. Kisha pumzi ya kati ya raundi, ile dakika moja ya kwenye kiti, ambayo kijana hunyanyuka nayo mzima na mzee hunyanyuka nayo nusu. Lakini uzito wa ngumi hubaki kwa muda mrefu sana, na hapo ndipo vijana huumizwa. George Foreman alikuwa na miaka 45 alipokutana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 asiye na kipigo, Las Vegas, Novemba 1994. Kwa raundi tisa Moorer alimpiga apendavyo na alikuwa mbele kwenye kadi zote tatu. Raundi ya 10 alikuwa bado amesimama mbele ya Foreman, palepale, na ngumi ya kulia ikamkuta. Akahesabiwa mpaka mwisho. Mwambie mdogo wako kwamba kuongoza kwa pointi dhidi ya mzee mwenye mkono mzito si ruhusa ya kusimama.

Nimekuja sasa kwenye kinachomsumbua kocha wenu, nina hakika: raundi ya tano. Bondia anayemaliza kila mtu mapema hujifunza kila kitu isipokuwa nini cha kufanya mtu asipoanguka. Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea karibu na kwetu, Kinshasa, Oktoba 30, 1974, na aliyepatwa ni Foreman huyohuyo akiwa kijana wa miaka 25. Alifika Zaire na ushindi 40 bila kipigo. Joe Frazier na Ken Norton, wanaume wawili waliowahi kumshinda Muhammad Ali, kila mmoja alikuwa amemmaliza ndani ya raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32 na miguu yake haikuwa tena ile ya kabla ya kufungiwa mwaka 1967. Alijua hawezi kuzunguka ulingo ule kwa raundi 15 katika joto lile, kwa hiyo akaegemea kamba, akafunga gadi, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu, akimjibu kwa ngumi fupi za uso na maneno sikioni. Foreman alirusha kama alivyozoea kurusha, kwa sababu siku zote walianguka. Kufika raundi ya sita ngumi zake zilikuwa zimekuwa nzito kwake mwenyewe. Raundi ya nane alianguka.

Watu husimulia usiku ule kama ujanja wa Ali, nao ulikuwa ujanja. Mimi kila nikiutazama namtazama zaidi Foreman: kijana mwenye nguvu za kutisha ambaye kwa muda mrefu hakuwa amelazimishwa kupima pumzi yake. Miaka 20 baadaye, dhidi ya Moorer, ndiye aliyekuwa na subira, na kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, mtu yuleyule aliyekuwa kwenye kona ya Ali Kinshasa.

Mdogo wako yuko pale alipokuwa Foreman wa 1974, kwa kiwango chake. KO tisa katika mapambano 11 ni nzuri, zinajaza ukumbi. Lakini hamjui raundi ya saba anakuwa nani. Hajui yeye, hujui wewe, hajui kocha. Ndiyo maana nasema kwanza raundi nane na mtu mgumu asiyeanguka, mtu wa kiwango cha kati, ikiwezekana mwenye mwendo wa kukumbatia na kuvuruga. Asitafute KO. Kocha amwambie waziwazi kabla ya kengele kwamba anataka zote nane. Kijana akishinda 80-72, yaani raundi zote nane kwa pointi, huku wanaomtazama wakipiga miayo, mtakuwa mmepata mazoezi ambayo KO tano hazitoi.

Gym nako kuna kazi. Wiki tano hazitoshi kumfundisha mtu kupigana akiwa amekumbatiwa, na mkongwe atamkumbatia kuanzia raundi ya pili. Mtafutieni kwenye sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, bondia mtu mzima, hata aliyestaafu, mwenye uzito zaidi yake, amwegemee, amkanyage mguu wa mbele kidogo, amshike kiwiko, amchokoze mpaka akasirike, halafu kocha amfundishe kutokasirika. Hasira kwa kijana ndiyo faida kubwa kabisa anayoweza kumpa mzee. Afanye raundi 10 kamili za sparingi angalau mara kadhaa kabla ya pambano, na zile tatu za mwisho aletewe mtu mpya asiyechoka.

Na mpango wa pambano lenyewe? Hopkins mwenyewe alituonyesha namna anavyoshindwa. Novemba 2014, akiwa na miaka 49, alikutana na Sergey Kovalev, ambaye naye hakuwa amepoteza na naye alisifika kwa KO. Kovalev alimwangusha raundi ya kwanza. Vijana wengi baada ya hapo wangemrukia, na wangeingia kwenye mikono ya mtu aliyesubiri hilo kwa miaka 26. Kovalev hakumrukia. Alirudi nyuma hatua, akaendelea na ngumi ya kushoto ndefu, akampiga mwili, akatoka kabla hajashikwa, na akarudia hivyo kwa raundi 12. Majaji walimpa zote: 120-107, 120-107 na 120-106. Pavlik na Kovalev wote walikuwa na mkono wa kumlaza mtu. Tofauti ni kwamba Kovalev aliweza kushinda bila kuutegemea.

Kwa hiyo ngumi ya kushoto iliyonyooka, kutwa kucha. Mwili tangu raundi ya kwanza, hasa mbavu na ini, kwa sababu mzee anaweza kukificha kichwa kwa raundi 10 lakini hawezi kuuficha mwili, na ngumi za mwili za raundi ya pili hulipa raundi ya saba. Asimfuate kwenye kamba. Mkongwe anayerudi kwenye kamba kwa hiari yake anakuita. Amwache huko, asimame katikati ya ulingo, amlazimishe atembee, maana miguu ndiyo mali iliyobaki kidogo kwake. Na mwamuzi akiwatenganisha, awe wa kwanza kurusha. Haya yote ni rahisi kuandika. Kuyafanya huku unapigwa kunataka miezi, na ndiyo sababu ya pili ya kuomba tarehe isogezwe.

Akipoteza je? Najua hiyo "sifuri" ya vipigo kwenye rekodi yake mnaipenda. Mtazame Fatuma Zarika wa Kenya. Mwaka 2016 alikwenda Michigan akamnyang'anya mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ndondi Duniani) Alicia Ashley, mwanamke aliyekuwa na miaka 49 na bado bingwa. Uamuzi ulikuwa wa majaji kugawanyika, maana hata kwenye umri huo Ashley hakuwa rahisi. Zarika akaja kuwa yeye mkongwe. Mwaka 2018 alimshinda Yamileth Mercado, binti mdogo wa Mexico, naye Mercado akarudi mwaka 2019 akauchukua mkanda. Kipigo cha kwanza kilimfundisha Mercado jinsi ya kushinda mara ya pili. Kupoteza kwa pointi ukiwa na miaka 23, dhidi ya mtu anayejua kazi, hakumalizi bondia. Kinachommaliza ni kipigo kibaya ambacho hakikuwa na ulazima, kile cha kuingia bila maandalizi akasimamishwa raundi ya nane kwa sababu pumzi ilikwisha ya sita na hakuna aliyethubutu kutupa taulo.

Sasa lile jambo nililoahidi kulirudia. Hujaliuliza, lakini siwezi kukushauri bila kulisema. Kuna uwezekano kwamba gym yenu ina haki na mzee huyo kweli ameisha. Hapo pambano halina faida kwa mdogo wako na lina hatari kubwa kwa mwenzake. Joe Louis alirudi ulingoni akiwa anadaiwa kodi, na Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, Rocky Marciano wa miaka 28 alimwangusha raundi ya nane mpaka akatoka nje ya kamba, Madison Square Garden. Ushindi ulimpandisha Marciano; hakuna mtu mpaka leo anayelitaja kama pambano lake bora. Ali naye mwaka 1980 alipigwa raundi 10 na Larry Holmes mpaka Dundee akalisimamisha, akiwa na miaka 38. Palepale ilibidi iwe mwisho. Mwaka uliofuata wakampeleka Bahamas kupigana na Trevor Berbick, kijana aliyekuwa anapanda, na akapoteza tena. Mwaka 1984 tukaambiwa ana dalili za Parkinson. Hopkins mwenyewe, aliyetupa masomo yote haya, alikuwa na miaka 51 Desemba 2016 pale Joe Smith alipompiga akaangukia nje ya ulingo raundi ya nane. Wote hao waliruhusiwa kuingia ulingoni na watu waliokuwa na kazi ya kuwazuia.

Hapa kwetu mkongwe mara nyingi hupigana kwa sababu ada ya shule imefika na hana kazi nyingine. Namheshimu sana mtu huyo. Ndiyo maana sipendi kusikia neno "hela ya bure" likitamkwa juu yake. Mtazameni kwenye video ya pambano lake la mwisho, si la miaka mitano nyuma. Tazameni akipigwa ngumi ya kawaida miguu inafanya nini. Tazameni raundi za mwisho kama bado anarudisha ngumi au anasubiri kengele. Msikilizeni kwenye mahojiano kama anazungumza vizuri au maneno yanateleza. Kama mnaona mtu ambaye hapaswi kupigana, kataeni, na mwambieni promota sababu kwa sauti ili na wengine wasikie.

Kama mnaona bondia kamili, basi ni mwalimu ambaye mdogo wako anamhitaji, na mumheshimu kwa kujiandaa. Kabla ya kusaini, mwulize promota mambo matatu, ayajibu kwa maandishi: pambano la mwisho la mzee lilikuwa lini na liliishaje, uzito ni upi hasa na atakayezidi anakatwa kiasi gani, na kama kamisheni inayosimamia ndondi imeshapokea vipimo vya afya vya wote wawili, vya macho, damu na kichwa. Asipoweza kujibu yote, mdogo wako aendelee na mazoezi na kocha atafute mpinzani mwingine wa raundi nane.